Usiamue Jambo Kubwa kwa Akili Iliyochoka

SOMO LA IJUMAA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake wote.



Amma baad. Ijumaa hii tuzungumze juu ya uchovu usioonekana. Mtu akibeba fuko la makala kutoka ng'ambo ya mto, kila mtu anaona jasho lake na kumwambia, "Pole, pumzika." Lakini yuko mwingine ambaye hakubeba kitu kichwani wala mgongoni, na jioni amechoka kuliko mpagazi. Huyo amechoka kwa kuamua. Tangu alfajiri anaulizwa: tufanye hili au lile? Tununue au tuache? Tumlipe nani kwanza? Hakuna anayemwambia pole, kwa sababu hakuna aliyeona mzigo wake. Naye mwenyewe hajui kwamba amechoka. Anaendelea kuamua, na hapo ndipo hatari inapoingia.

1. YALIYONIPATA MIMI

Nitaanza na kosa langu, ili asiseme mtu kwamba Mwalimu anawasema wengine.

Miaka michache iliyopita niliamka siku moja nikaswali alfajiri, na kabla sijakunja mkeka nikaambiwa kuna msiba. Tukaamua kaburi lichimbwe wapi, nani ataosha maiti, sanda ichukuliwe kwa mkopo kwa nani. Baada ya mazishi wakaja wazazi wa watoto wa madrasa: huyu hana ada, yule anaomba mwanawe ahamishwe darasa. Adhuhuri kamati iliniuliza kama mabati yanunuliwe sasa au tungoje. Alasiri, majirani wawili waligombana juu ya mpaka wa parsele. Maghribi, bwana harusi na wakwe hawakupatana juu ya mahari. Kila mmoja alitaka jibu, nami kila mmoja nilimpa jibu.

Baada ya swala ya isha, nikiwa tayari nimevaa viatu, wakaja ndugu wawili. Baba yao alikuwa amefariki, akaacha nyumba moja na parsele. Walitaka kujua wafanye nini. Nikawajibu pale pale mlangoni, nimesimama: "Uzeni, lipeni deni la marehemu, kinachobaki mgawane sawa kwa sawa." Wakashukuru, wakaenda. Nikalala.

Siku ya pili asubuhi akaja mwanamke amejifunga kanga kichwani, akasimama kwa adabu, akasema: "Shikamoo Mwalimu. Nimekuja kuuliza jambo moja tu. Mimi si mtoto wa baba?"

Ndugu zangu, nilikosa pa kuweka uso wangu. Marehemu alikuwa na binti, na alikuwa na mjane. Mimi ninayefundisha mirathi miaka yote hii sikuuliza swali la kwanza ambalo mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza angeuliza: marehemu ameacha nani? Baada ya kulipwa deni na wasia, mali ile ilikuwa igawanywe sehemu 40: mjane 5, kila mtoto wa kiume 14, binti 7. Mimi kwa neno moja niliwanyima wawili haki yao.

Nilikwenda mbio kwa wale ndugu. Walikwisha pokea avansi kutoka kwa mnunuzi. Ilituchukua majuma 3 ya maneno, aibu na kuomba msamaha, mpaka kila mtu akapata chake. Alhamdulillahi, mambo yaliisha vizuri. Lakini nilijiuliza: kosa lilitoka wapi? Elimu nilikuwa nayo, na nia mbaya sikuwa nayo. Kilichokosekana saa ile ni akili ya kutazama pande zote. Niliwapa jibu lililonipeleka kitandani upesi.

2. WANAVYUONI WETU WALIYAJUA HAYA

Mtume (s.a.w.) alikataza hakimu asihukumu baina ya watu wawili hali ana hasira. Wanavyuoni wakauliza: kwa nini hasira? Wakaona kwamba hasira inaifunga akili, mtu asiweze kuyachunguza mambo. Basi wakalinganisha na kila hali nyingine inayofanya hivyo hivyo. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii wametaja njaa, kiu, shibe iliyozidi, usingizi, huzuni kubwa, maradhi, hata mtu aliyebanwa na haja. Wamesema ni makuruhu kadhi kuhukumu akiwa katika hali kama hizo.

Mas'ala hiyo niliisoma nikiwa kijana, chuoni, mbele ya mwalimu wangu. Nikadhani ni ya makadhi wakubwa wa Baghdad na Misri. Kumbe ni yangu pia, na ni yako wewe. Baba ni hakimu wa nyumba yake. Mama ni hakimu wa chungu na wa watoto. Mkubwa wa ukoo ni hakimu wa wadogo zake. Kila mmoja wetu anahukumu kila siku, na kila mmoja wetu anachoka.

Wasomi wa siku hizi nao wamelichunguza jambo hili. Kijana mmoja wa jamaa yetu anayesomea udaktari alinieleza mambo mawili. La kwanza: mwaka 2014 ulitolewa uchunguzi wa Marekani juu ya madaktari na wagonjwa wao wa kikohozi, mafua na koo. Ilionekana kwamba kadiri saa za kazi zinavyokwenda, ndivyo daktari anavyozidi kuandika antibiotiki, hata kwa ugonjwa ambao dawa hiyo haiutibu. Kuandika dawa ni rahisi. Kumweleza mgonjwa kwamba haihitaji ndiyo kazi. Aliyechoka anashika njia fupi, kama nilivyoishika mimi pale mlangoni.

La pili: mwaka 2013 ulitolewa uchunguzi juu ya wakulima 464 wa miwa huko Tamil Nadu, India. Walipewa maswali ya kupima akili kabla ya mavuno, wakati pesa zimekwisha na madeni yanawabana, kisha wakapewa tena baada ya mavuno. Mkulima yule yule, kichwa kile kile, alijibu vibaya zaidi kabla ya mavuno. Kwa hiyo tunapomuona maskini amekosea hesabu, tusiseme upesi kwamba hana akili. Akili anayo, ila imejaa.

Nasema pia, kwa amana, kwamba wasomi hawajakubaliana juu ya kila kitu. Wako waliosema nguvu ya akili hupungua kama mafuta ndani ya taa. Mwaka 2016 neno hilo lilipimwa tena katika maabara 23, na tofauti iliyoonekana ikawa ndogo sana, karibu na sifuri. Basi tusidai kwamba kila uamuzi mdogo unakula akili. Tushike lile tunaloliona kwa macho yetu na ambalo fiqhi imelitaja: mtu mwenye njaa, usingizi na mashaka mengi haamui vizuri.

3. MZIGO WA MAMA

Sasa nasema na wababa. Baba anatoka asubuhi, anaacha juu ya meza, tuseme, franka 10.000, na kusema, "Mama, utajipanga." Anakwenda zake akiona amemaliza wajibu wake.

Hesabu pamoja nami mambo ambayo mama ataamua kabla ya adhuhuri. Anunue mchele au unga wa muhogo? Sombe au samaki? Akinunua samaki, mafuta ya mawese yatatosha? Makala yaliyobaki yanatosha mara moja au mara mbili? Mtoto wa tatu ana homa: ampeleke kwenye kituo cha afya leo, au amwangalie mpaka kesho? Akimpeleka, atapunguza nini? Mkubwa amerudishwa masomoni kwa sababu ya ada: aende kumuomba mkuu wa masomo, au akope kwa jirani? Mwenye butike anadai deni la juma lililopita: amlipe nusu, au azunguke njia nyingine asimuone? Mgeni amefika kutoka kijijini: atalala wapi, atakula nini?

Sisi Wakongomani tunacheka juu ya "Artikle 15", ile sheria isiyoandikwa ya kila mtu ajitegemee. Lakini ndani ya nyumba nyingi Artikle 15 imeachiwa mtu mmoja, na mtu huyo ni mama. Yule mwenye pesa nyingi akikosea leo, kesho anarekebisha. Mama huyu akikosea kwa franka 1.000 tu, watoto wanalala na njaa. Kwa hiyo kila uamuzi wake, hata mdogo, ni mkubwa.

Jioni baba anarudi, anauliza, "Mbona chakula ni hiki?" Mama anajibu kwa ukali. Baba naye kazini alikuwa anaulizwa na kuagizwa kutwa nzima. Wote wawili wamechoka, na hakuna anayejua mwenzake amechoka na nini. Neno linaleta neno. Ndugu zangu, katika mambo ya talaka yaliyoletwa mbele yangu, mengi yalitamkwa usiku. Asubuhi mume amekaa mbele yangu ameinamisha kichwa, anauliza kama lile neno limehesabiwa. Neno la usiku mmoja, watoto watalibeba miaka.

4. KISA CHA NG'OMBE

Mnakijua kisa cha Bani Israili na Nabii Musa (a.s.) katika Suratul Baqara. Waliamrishwa wachinje ng'ombe. Wafasiri wamesema kwamba lau wangechinja ng'ombe yeyote siku ile ile, ingewatosha. Lakini wakaanza kuuliza. Ni wa umri gani? Wakaambiwa si mzee wala si mchanga. Ni wa rangi gani? Wakaambiwa ni wa manjano, mwenye kupendeza. Bado ng'ombe wanatutatiza, ni yupi hasa? Wakaambiwa hajalimishwa wala kumwagilia shamba, hana doa. Mlango uliokuwa wazi wakaufanya mwembamba kwa mikono yao, na walikaribia kutolitimiza jambo lenyewe.

Sisi pia tunafanya hivyo. Jambo lililo na njia mbili za halali, zote nzuri, tunalizungusha siku tatu. Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipokuwa akipewa hiari baina ya mambo mawili, alichagua lililo jepesi maadamu si dhambi. Hii ni sunna, na ni dawa. Jambo dogo lichukulie wepesi, ili nguvu ya akili uibakishie jambo kubwa.

5. TUFANYE NINI?

Kwanza: mambo yanayorudi kila siku, yawekee kanuni mara moja. Tazama ibada zetu. Mwenyezi Mungu ametuwekea swala 5 kwa nyakati zake. Hakuna Mwislamu anayeamka na kukaa kitako kufikiri kama leo aswali adhuhuri au asiswali, ni rakaa ngapi, aelekee wapi. Limekwisha amuliwa, naye anasimama tu. Fanya hivyo na chungu chako. Keti na mkeo, mkubaliane: Jumatatu maharagwe, Jumanne sombe, na kadhalika, kwa kadiri ya uwezo wenu. Siku pesa ikikosekana mtabadili, lakini siku nyingine zote swali la "leo tunakula nini?" halitakuwapo.

Pili: baba asigawe pesa tu, agawane na mashaka. Anayelipwa kwa mwezi, atoe pesa ya chakula kwa juma, si kila asubuhi. Anayepata kidogo kidogo kila siku, kama dereva wa piki-piki au muuza soko, aweke kando kila jioni fungu la makala na fungu la ada kabla ya kugusa kitu kingine. Na mambo mengine ayachukue yeye mwenyewe mpaka mwisho. Ukisema "ada ya masomo ni kazi yangu," basi iwe kazi yako kweli: wewe ndiye wa kwenda kuongea na mkuu wa masomo, wewe ndiye wa kukumbuka tarehe. Usimwachie mama akukumbushe mara kumi, maana kukumbusha nako ni mzigo.

Tatu: jambo kubwa lingoje asubuhi. Kuuza parsele, kukopa, kuposesha binti, kuvunja urafiki, kutamka talaka, kumfukuza kijana nyumbani: haya yasiamuliwe baada ya isha, wala ukiwa na njaa. Jifunze kusema, "Nimelisikia, nitakujibu kesho baada ya alfajiri." Mtu akikuharakisha usiku huu utie sahihi, jua kwamba anaitaka faida yake kabla akili yako haijarudi.

Nne: mwili nao una haki yake. Masahaba walikuwa wakila chakula cha mchana na kulala kidogo baada ya swala ya Ijumaa. Usingizi huo wa mchana unaitwa qailula. Nusu saa ya kunyoosha mgongo si uvivu. Na mama naye apewe nusu saa hiyo, watoto wachukuliwe na baba au na dada yao mkubwa.

Tano: shaurianeni. Akili mbili hazichoki kwa mahali pamoja. Lau usiku ule ningemwita mzee mmoja wa kamati akae nami, angeuliza, "Na mabinti je?"

Sita: swali istikhara. Mtume (s.a.w.) aliwafundisha Masahaba istikhara kama alivyowafundisha sura ya Qurani. Ni rakaa 2 zisizo za faradhi, kisha dua. Wengi wetu tumeifanya ngumu: tunangoja ndoto, na tusipoota tunaswali tena kwa hofu. Ndoto si sharti. Umemuomba Mola wako akuchagulie, basi endelea na jambo lako. Likiwa na kheri litafunguka, na likiwa na shari litaondoka kwako. Wala istikhara si ya kuchagua baina ya halali na haramu. Hapo uamuzi umekwisha tolewa.

Saba: ukishaamua, muachie Mwenyezi Mungu. Kuna mtu anaamua jambo moja mara tano: analiamua, analijutia, analirudia kitandani, anamuuliza kila anayepita. Fanya bidii yako, shika azma, tawakali, lala.

6. ONYO

Yako mambo yanayopita uchovu. Ukimuona ndugu yako kwa majuma mengi halali, halii njaa, analia bila sababu, hawezi kuamua hata kuoga au kuvaa, anasema heri angekufa, huyo ni mgonjwa. Usikimbilie kusema imani yake ni dhaifu. Usikimbilie kusema ni jini. Muombee dua, usimuache peke yake, na umpeleke kwa daktari. Kutafuta dawa ni katika mafunzo ya Mtume wetu (s.a.w.). Tumepita katika vita na misiba mingi hapa kwetu Mashariki, na vichwa vingi vimebeba zaidi ya uwezo wao.

7. MAPATANO YETU

Kwa haya yote, nimekaa na kamati ya msikiti, tukapatana hivi. Kuanzia juma hili, baada ya swala ya isha sitatoa jibu ila kwa mambo 3: mgonjwa, maiti, na mtu aliye hatarini usiku huo. Mirathi, ndoa, talaka na ugomvi wa parsele vitasikilizwa Jumamosi na Jumapili baada ya alfajiri, na wazee wawili watakaa pamoja nami. Mambo ya mirathi hayatafunguliwa mpaka warithi wote, wanawake kwa wanaume, wawepo au wawe na mwakilishi. Mkinikuta usiku nikawaambia "njoo kesho," msione nimewadharau. Mwenye kungoja usiku mmoja hatapoteza haki yake, na yule binti aliyesimama mbele yangu asubuhi ile karibu aipoteze kwa sababu sikumngoja.

Nanyi mfanye mapatano kama hayo nyumbani kwenu. Leo mkitoka hapa, baba usiende moja kwa moja barazani. Rudi nyumbani, kula na jamaa yako, pumzikeni. Kisha muulize mama wa watoto swali moja: "Katika mambo unayoyaamua kila siku, lipi nikutue?" Akikujibu, usibishane naye. Lichukue.

Ewe Mola wetu, tupe akili iliyotulia, nyumba zenye huruma na riziki ya halali. Tusamehe yale tuliyoyaamua kwa haraka, na utupe nguvu ya kuyarekebisha kabla hatujafika mbele yako. Uwarehemu maiti wetu, uwaponye wagonjwa wetu, uipe nchi yetu amani. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.